Alianguka pale palipokuwa rahisi: kisa cha mteremko wa Marafa

Tangu jamaa yangu aanguke na baiskeli kule Marafa kila mtu ana lake. Fundi anasema breki, vijana tunaoendesha nao hapa Malindi wanasema mchanga, nyumbani kwao wanasema hizo baiskeli zenyewe za nini. Mimi nimekaa nalo hili, kesho yake nikarudi mpaka pale pahali nikaangalia alama za tairi kabla mbuzi na watu hawajazifuta, na nasema ni joto. Sio joto la "pia kulikuwa na jua kali", hapana, joto ndio kisa chenyewe. Naandika kirefu manake kaskazi ikirudi kuna wengine watashuka kutoka bara na baiskeli nzuri na miguu yenye nguvu, watataka kwenda kule kule, na wakiambiwa tatizo lilikuwa breki watabadilisha brekipedi na kwenda zao.

Kwanza mjue huyu mtu ni nani akiwa juu ya baiskeli. Ni mzaliwa wa hapa hapa Malindi lakini kazi imemweka Nairobi miaka, na huko ndiko alikojifunzia baiskeli za mlimani, msitu wa Karura, vilima vya Ngong, vijia vya mizizi na mawe na matope. Ananizidi na simwonei haya kusema. Akifika kwenye mteremko mkali anashusha siti, pedeli zinakaa sawa, visigino chini, nyonga inarudi nyuma, kidole kimoja kimoja kwenye breki na macho yako mbali mbele, hayako kwenye tairi. Ukimfuata nyuma unajifunza bila yeye kusema neno. Sasa mtu kama huyu haanguki ovyo, na alianguka mahali ambapo mtoto wa shule angepita na blakmamba, ile baiskeli nzito ya zamani, ya babu yake. Hilo ndilo lililonifanya nisiikubali habari ya breki haraka haraka.

Alifika Alhamisi usiku kwa basi, Jumamosi alfajiri tukatoka. Ilikuwa Machi, ule mwisho wa kaskazi ambapo upepo ushachoka na mvua ya masika haijaingia, yaani hewa imesimama tu na unyevu umejaa, nguo unaianika haikauki. Plani ilikuwa nzuri, tuvuke daraja la Sabaki kabla jua halijapanda, tushike njia ya Marikebuni, Marafa tufike saa mbili na nusu hivi, tucheze kwenye miteremko mpaka saa nne tukae kivulini, jioni turudi. Kutoka mjini mpaka Marafa ni kilomita 30 na kitu, si mbali.

Kilichovuruga ni mwiba. Tushavuka Sabaki, maji mekundu kama kawaida yake, tuko kwenye vumbi, mara tairi lake la nyuma likaanza kulala. Tukatoa tyubu, tukapiga kiraka, tukajaza upepo, hatujafika mbali likalala tena, kumbe kuna ncha ya mwiba imebaki ndani ya tairi na huioni mpaka upitishe kidole pole pole ndani yote. (Kule usiende na tyubu tupu. Weka ile dawa ya maji ya kuziba puncha ndani, miba ya huko Magarini, upande wa Marafa, haina mzaha.) Muda wote huo tuko barabarani juani, hakuna mti wa maana, yeye ndiye anapiga pampu, na pampu ndogo ya mkono kila mtu anajua inavyotoa jasho. Kwa hiyo tumefika Marafa saa nne kasoro badala ya saa mbili na nusu, na yeye ashatoa jasho jingi kuliko mimi kabla mlima haujaanza.

Kuhusu njia zenyewe. Watu wakisikia Marafa wanafikiria Nyari, lile bonde lililobomoka la mchanga mwekundu na mweupe na waridi, ambalo wazee wanasimulia palikuwa na watu matajiri waliokuwa wakiogea maziwa mpaka ardhi ikawameza. Ndani ya Nyari hatukuingia na baiskeli na naomba yeyote asiingie. Kule ni kwa mguu na kwa mwongozaji wa kijiji, zile kuta ni udongo laini unaoliwa na mvua kila msimu, ukipitisha tairi umechora mfereji na mvua ijayo itaufuata huo huo. Sisi tulikuwa nje kabisa, kwenye vijia vya mguu na vya mbuzi vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima kwenda kwenye makorongo makavu kisha vinapanda upande wa pili.

Ni vijia vikali kweli. Wanaojenga njia za baiskeli huko duniani wana kanuni wanazofuata, ile jumuiya yao ya kimataifa ya IMBA inafundisha kwamba njia isizidi nusu ya ukali wa ubavu wa kilima na kwa wastani isipite asilimia 10, ili maji yavuke njia badala ya kuifanya mto. Mbuzi hawajasoma hiyo kanuni na mtu anayeenda kuchota maji naye anataka kufika. Kwa hiyo njia inashuka moja kwa moja, mvua inashuka nayo, katikati panachimbika mfereji, pembeni panabaki udongo mgumu kama sakafu ulionyunyiziwa vijiwe vidogo vinavyoviringika. Tairi halishiki. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu hapo linateleza, ukibana ya nyuma tu unaburuzika, inabidi ubane kidogo uachie, ubane uachie, na ubane pale udongo ni msafi, uachie pale pana vijiwe. Tulipunguza upepo mpaka kama PSI 25 tairi liwe na tumbo kidogo.

Mteremko wa kwanza aliushuka nikabaki mdomo wazi. Ulikuwa ndio mbaya kuliko yote ya siku ile, una kona katikati ambapo mfereji unakata njia, yeye alifunga breki juu kabla ya kona, akaachia kabisa, akauinua usukani kidogo akaruka mfereji na akatulia upande wa pili. Akasimama chini kwenye korongo akaniita, "Shuka ndugu yangu, usiutazame mfereji, nitazame mimi." Nikamtazama yeye nikashuka.

Kisha tukapanda. Na kupanda ndiko kulikommaliza.

Korongoni hakuna upepo hata kidogo. Ukiwa barabarani angalau mwendo wenyewe unakupa upepo, lakini ukisukuma baiskeli mlimani kwa mwendo wa konokono jasho linabaki limekuganda tu. Watu wanadhani jasho likitoka ndio unapoa. Jasho linapoza likikauka juu ya ngozi, linalodondoka chini halijakufanyia kitu, umepoteza maji bure. Na misuli nayo ikifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu unayochoma, kama robo tatu hivi, inatoka kama joto, ni robo tu inayosukuma pedeli. Sasa weka mtu anayesukuma kwa nguvu zake zote ndani ya shimo la udongo mwekundu lisilo na hewa, saa nne na nusu ya Machi, kichwani kuna helmeti, mgongoni begi. Hilo joto liende wapi?

Hapa ndipo watu wananikatiza, "Lakini yule ni mtoto wa Malindi bana, joto litamfanya nini." Mwili hauna habari na cheti chako cha kuzaliwa. Kuzoea joto ni kitu ambacho mwili unakijenga kwa kama wiki moja mpaka mbili ukiwa ndani yake, unaongeza maji kwenye damu, unaanza kutoa jasho mapema, unatoa jingi na lenye chumvi kidogo, moyo haupigi mbio sana kwa kazi ile ile. Ukihama hilo joto, ndani ya wiki chache unapoteza karibu lote. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, usiku wa Machi watu wanalala na blanketi. Yeye alikuwa na siku moja tu ya Malindi na hiyo alikaa kwa shangazi yake chini ya feni. Mimi ambaye miguu yangu si kitu mbele ya yake nilikuwa nimeishi ndani ya hilo joto tangu Desemba. Ndio maana mimi nilichoka na yeye akaumia.

Dalili zilikuja moja moja na kila moja peke yake haina maana, ukiziweka pamoja ndio unaona. Ya kwanza, alinyamaza. Huyu ni mtu wa kuongea njia nzima, kila jiwe lina hadithi, sasa anajibu "poa" na "eeh". Ya pili ni gia. Mteremko wa pili alipofika chini akaanza kupanda na gia nzito ile ile aliyoshukia, cheni ikalia krakra akashuka kwenye baiskeli. Mtu kama yeye hafanyi hivyo, yeye hubadilisha gia kabla mwinuko haujaanza, ni kitu mkono unafanya wenyewe. Ya tatu, maji. Chupa yake ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, nikamwambia anywe akasema ni ya moto yanamtapisha, na kweli niliyaonja yalikuwa moto wa chai iliyosahaulika. Wanasema mtu akipoteza maji ya kama asilimia 2 ya uzito wake nguvu na umakini vinaanza kushuka, kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni lita moja na nusu kasoro, na yeye na ile pampu na ule mwinuko nadhani hiyo alishaipita.

Ya nne ndio iliyonitisha. Tulisimama juu ya mgongo wa kilima, jua la saa tano limetuangalia usoni, nikamuona mkono wake alivyoshika usukani, ngozi imetoa vipele na vinyweleo vyote vimesimama, kama mtu aliyetoka baharini jioni na kusi inavuma. Kwenye lile joto! Nikamuuliza unasikia baridi? Akasema kidogo. Nikamwambia baiskeli tunazisukuma, tunakwenda kwenye ule mkorosho pale chini tukae mpaka alasiri. Akakubali. Lakini kutoka pale hadi mkorosho kulikuwa na kijia cha mteremko mdogo tu, kipana, sawasawa, akasema kuliko kutembea juani heri aserereke. Akapanda, na kabla sijafunga mkanda wa begi alikuwa ameshaondoka.

Alishuka kama hatua 40. Hakuenda kasi. Nilimuona anaachana na njia pole pole kuelekea kushoto, pole pole kabisa, nikaita, hakugeuka, tairi la mbele likaingia mferejini likasimama na yeye akapita juu ya usukani akaangukia bega. Hakutoa mikono. Mtu akianguka mikono inatoka yenyewe, yake haikutoka.

Nilipomfikia macho yako wazi, ananijua, nikamuuliza tuko wapi na leo ni siku gani akajibu sawa lakini majibu yalichelewa, unauliza unangoja. Ngozi ina jasho bado, uso umepauka, mapigo ya moyo yanakimbia. Hajagonga kichwa, helmeti haina alama. Anajaribu kufungua kile kifungo cha helmeti chini ya kidevu, vidole vinakipapasa, vinakipita, vinarudi, hakifunguki, nikamfungulia.

Kuna mama alikuwa anapanda kutoka bondeni na dumu la lita 20 kichwani na mtoto nyuma yake ana kidumu kidogo. Shikamoo yangu hakuingoja. Akatua dumu, akamtazama yule, akasema, "Mvue shati kwanza mwanangu, na viatu." Tukamburuta mpaka kwenye mkorosho. Mama akafungua leso yake ya pili ya mabegani, akailowesha, akamfunika kifua na shingo, kisha akashika kifuniko cha ndoo na kuanza kumpepea huku mtoto anamwagia maji mikononi na miguuni. Ile leso ikipata moto anaitoa anailowesha tena. Wale wanaojua Marafa wanajua lita 20 za maji kule ni nini, umbali gani, foleni gani, na yule mama aliyamwaga karibu yote bila kuuliza tumetoka wapi. Simjui jina na sitamsahau.

Na alichofanya ndicho hasa daktari angetaka kifanywe. Mtu aliyezidiwa na joto unampoza pale pale, kwanza, halafu ndio habari ya gari. Maji juu ya ngozi na upepo juu ya maji, basi, kama una pipa au beseni kubwa la maji baridi umtie ndani ni bora zaidi. Kijana mmoja wa boda aliyesimama akatoa panadol mfukoni, nikamshukuru lakini hatukumpa. Panadol inashusha homa, na hii sio homa, mwili haujaamua kupandisha joto kwa sababu ya ugonjwa, umeshindwa kulitoa. Na kama angekuwa anaongea ovyo, au hajui alipo, au amezimia, hata hayo maji ya kunywa tusingempa manake yangeingia mapafuni, tungempoza bila kuacha na boda ingeshakwenda kuita gari. Kuchanganyikiwa ndio mpaka. Hapo joto la ndani huenda limepita nyuzi 40 na kila dakika ina hesabu yake.

Alipoanza kujibu haraka haraka ndio nikamtuma yule kijana dukani, sukari ya kupima na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu na kisu visijae mlima, koroga. Akanywa kidogo kidogo. Mtu akaleta madafu pia na madafu ni mazuri, lakini dafu lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na aliyetoka jasho asubuhi nzima amepoteza chumvi, kwa hiyo dafu peke yake halikidhi, weka chumvi kidogo ndani. Mchana tukampakia kwenye gari la probox mpaka mjini, wakampiga picha ya bega, mfupa mzima, wakamwekea dripu akalala kwao. Kesho yake kichwa kinamuuma na miguu haina nguvu lakini anaongea mpaka unataka anyamaze.

Sasa turudi kwenye breki, manake fundi wetu ni mtu anayejua kazi na neno lake watu wanalisikiliza. Alichomoa brekipedi za mbele akanionyesha, uso wake umekuwa laini unang'aa kama kioo. Akasema breki zilichemka zikakataa. Kuchemka kwa breki ni kitu cha kweli na ni cha kale kwenye huu mchezo. Wale vijana wa Marin County kule California waliokuwa wakishindana kwenye mteremko wa Repack kuanzia 1976, na mabaiskeli mazito ya zamani yenye breki ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma, grisi ilikuwa inaungua inatoka moshi mpaka baada ya kila mteremko lazima wafungue habu waijaze grisi upya, na jina la njia likatokana na hiyo kazi. Lakini Repack inashuka kama mita 400 ndani ya kilomita 3 na kitu. Miteremko yetu ya Marafa kila mmoja haufiki hata mita 40 kwenda chini, halafu unapanda taratibu na diski inapoa. Huwezi kuchemsha breki za diski kwa hapo. Ule ung'aavu nadhani umetoka Ngong, na vumbi letu likaongezea. Na zilikuwa zinashika! Asubuhi hiyo hiyo, na ule ung'aavu wake, zilimsimamisha kwenye ule mteremko wa kona.

Ushahidi uko chini ardhini. Niliporudi kesho yake asubuhi alama zilikuwa bado zinasomeka. Kwenye mteremko wa kwanza alama zake ni kama maandishi, hapa pamekwaruzwa kidogo, hapa hakuna kitu, hapa pamekwaruzwa tena, unaona kabisa mkono unafikiri. Kwenye kile kijia cha mwisho hakuna mkwaruzo hata mmoja. Mstari mmoja msafi wa tairi, unashuka katikati ya njia, kisha unaanza kuinama kushoto, kama mita 10 nzima unainama, mpaka mferejini. Mtu ambaye breki zimemkataa anahangaika, anapiga kona, anaburuza mguu, anaruka, alama zake zinakuwa fujo. Yule hakubana breki. Hakuuona mfereji au aliuona ubongo ukachelewa kumwambia mkono, mimi naamini ni hilo la pili, manake hata majibu yake pale chini yalikuwa yanachelewa vile vile.

Na mchanga? Mchanga ulikuwa asubuhi, kule mbele ya Marikebuni ambapo tairi linazama na unasukuma. Pale alipoanguka ni udongo mgumu. Wanaosema mchanga hawajafika pale.

Nimemwambia fundi yote haya, tumebishana kibarazani mpaka kahawa ikaisha, mwishowe akasema sawa lakini brekipedi nabadilisha. Abadilishe, zilikuwa zimekwisha kweli.

Kitu kinachonikera kwenye hii habari ya "uko poa?" ni kwamba mtu aliyezidiwa na joto ndiye wa mwisho kujua, na mwanaume mbele ya rafiki yake atasema poa mpaka aanguke. Siku hizi simuulizi mtu kama yuko sawa, namwambia anihesabie kurudi nyuma kutoka 20 au anieleze ile njia tuliyopita tangu darajani. Akikwama au akikasirika tunakaa. Na namwangalia gia zake na mikono yake. Mpanda baiskeli mzuri unamjua kwa vitu anavyofanya bila kufikiri, na joto linaanza kula hivyo hivyo.

Jamaa anarudi Julai, kusi itakuwa imeingia na hewa imepoa, lakini tumekubaliana hata hivyo siku za kwanza tunazunguka jioni tu, Gede na vijia vya msitu wa Arabuko-Sokoke ambavyo ni tambarare na vina kivuli, saa moja hivi kwa siku, mwili ukae kwanza. Wiki ya pili ndio Marafa. Baiskeli zitapanda probox usiku mpaka kule ili tuanzie mlimani alfajiri na sio barabarani, na kwenye begi kutakuwa na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na chumvi. Yeye anataka kumpelekea yule mama leso mpya na dumu zima la maji, nimeulizia kwa yule kijana wa boda, anapajua kwake.